Tupimwe Miili kwa Faida Yetu Wenyewe



Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, malipo ya zamu za usiku na kesi za wenzetu walioachishwa kazi. Hayo yote ni haki yetu kuyasema. Leo naomba nafasi niseme habari ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia, nalo ni kupimwa mwili kabla ya kuugua. Simsemi mtu aliyekwisha kulazwa hospitalini. Nakusema wewe unayesoma karatasi hii ukiwa umesimama, unakula ukashiba, unapanda ngazi ya behewa bila kuhema, na tangu mwaka jana hukumwona daktari ila siku ile ulipompeleka mtoto.

Kazi yangu mimi ni kukagua mabehewa. Wanaofanya kazi yadi wanaijua, lakini wenzetu wa ofisini huenda hawajaiona vizuri, maana sehemu kubwa hufanywa usiku. Kabla treni haijaondoka, mkaguzi hupita upande mmoja mpaka mwisho, kisha hurudi kwa upande wa pili. Wazee waliotufundisha waligonga gurudumu kwa nyundo wakasikiliza: gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti ya mtungi uliopasuka. Tena mkaguzi husogeza mkono penye boksi la ekseli aone kama lina joto lisilo la kawaida. Hutazama breki, kulabu na springi. Likipatikana behewa lenye kasoro hubandikwa karatasi, nalo hukatwa liende karakana. Sijapata kumsikia gadi akisema, "Liache liende, mbona halijalalamika?" Ekseli haina mdomo. Ikianza kupiga kelele ya kusikika na watu wote, imekwisha kuungua, na behewa li karibu kutoka njiani.

Shinikizo la damu, ambalo sisi twaliita presha, lina tabia hiyo hiyo. Kwa kawaida halina maumivu. Mtu aweza kukaa nalo miaka mingi, anakwenda kazini, anacheza mpira Jumapili, na huku ndani linaharibu moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa watu wazima wa miaka 18 mpaka 69 katika Kenya nzima. Ilionekana kwamba karibu mtu 1 katika kila watu 4 ana presha iliyopanda. Na katika kila watu 100, 56 walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja tangu kuzaliwa. Kwa ugonjwa wa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi, maana 88 katika 100 hawakupata kupimwa sukari ya damu.

Hesabu hiyo ilikuwa ya watu wa namna zote, wakulima, wafanya biashara na sisi. Walakini tazameni maisha ya mtu wa relwe. Hulala mchana watoto wakipiga kelele mlangoni. Hula saa nane ya usiku, tena anachokula ni chapati na chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa sababu ndicho kilicho wazi saa hiyo. Dereva hukaa kitini saa nyingi bila kunyosha mguu. Mlinzi wa yadi huvuta sigara ili asisinzie. Sioni sababu ya kudhani kwamba sisi tu wazima kuliko hao wengine waliohesabiwa.

Tulikuwa na mwenzetu karakana, fundi hodari, umri wake miaka 43. Jina lake silitaji, wanaomjua wanamjua. Asubuhi moja alianguka kando ya benchi yake huku ameshika spana. Mkono wa kulia ukafa na maneno yakampotea. Alipofikishwa hospitalini presha yake ikaonekana ni 210 kwa 130, wakati mtu akifika 140 kwa 90, na ikapimwa siku nyingine ikawa vile vile, madaktari huhesabu kwamba ana ugonjwa. Mkewe alisema kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiamka na kichwa kizito, akinunua vidonge vya maumivu dukani na kwenda kazini. Sasa yuko kwao mashambani. Mchango wa tawi letu ulikwisha kwa miezi miwili, nyumba ikarudishwa, na mwanawe wa kwanza ameacha shule akatafuta kibarua. Hakuna aliyemwonea mtu huyu. Hakuna ajali tuliyoweza kumshitaki mtu. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hakupata kufungwa ule mkanda wa mkononi, kazi ya dakika tano.

Wengine husema kwamba wafanya kazi hawaendi kupimwa kwa sababu ni wajinga. Mabwana wakubwa hupenda neno hilo, na hata viongozi wetu wengine nimewasikia wakilisema mkutanoni. Mimi silikubali. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na zaidi. Mtu anayeweza kusoma ratiba ya treni ya kurasa ishirini, na kujua ni behewa gani limekaa siding ya wapi, si mjinga. Haendi kwa sababu anaogopa, na hofu yake ina asili.

Kwetu sisi kupimwa kulikuwa ni kwa mwajiri. Unapimwa unapoandikwa kazi ili ajue kama anapata mtu mzima, na unapimwa tena akitaka kukupunguza. Jibu haliji kwako, huenda kwa karani. Kabla ya kuja relwe nilifanya kazi katika kampuni moja, ambayo siitaji. Siku moja walikuja wauguzi wakatupima sote, nasi tukashukuru. Wiki ya pili tukaona orodha ya majina ubaoni nje ya ofisi ya mishahara, yenye alama nyekundu kwa wale wenye presha na sukari. Mwezi wa tatu mikataba ilipoandikwa upya, majina yenye alama hayakuwamo. Hakuna aliyeandika popote kwamba sababu ilikuwa ni ugonjwa. Lakini mtu aliyeona ubao ule atakuambiaje umshawishi kwa urahisi anyoshe mkono apimwe tena?

Kwa hiyo nasema kuna upimaji wa namna mbili, na tusiuchanganye. Upo wa mwajiri na upo wa mfanya kazi. Ule wa kwanza tuusimamie kwa sheria, na huu wa pili tuudai uwe wetu.

Sheria ipo, ila wengi hawajasomewa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 chasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya udhaifu wa mwili, hana budi kwanza kumweleza sababu hiyo katika lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama akisikiliza. Tena amsikilize kabla ya kukata neno. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ndipo apate kazi. Na Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni siri ya kulindwa kwa namna ya pekee. Ubao ule wa alama nyekundu, ukibandikwa leo, ni kesi. Mwakilishi wa idara yako apaswa kuyajua haya kwa moyo, na kama hayajui mwulizeni alichaguliwa kufanya nini.

Hapo wenzangu madereva watasema, "Wewe wa nyundo waweza kusema hivyo. Je, mimi?" Swali lao ni la haki, na jibu lake si tamu. Dereva amebeba watu nyuma yake. Macho yasiyoweza kutofautisha taa nyekundu na ya kijani, au sukari inayomfanya mtu azimie akiwa na treni mkononi, si jambo la siri kati yake na daktari peke yao. Siwezi kuandika katika gazeti la chama kwamba apewe treni hivyo hivyo. Ninaloweza kudai ni kwamba mtu wa namna hiyo apewe kazi nyingine ya shedi au ya ofisi bila kushushwa mshahara wakati anapotibiwa, na akipata nafuu arudi mahali pake. Presha hutulia kwa vidonge, na watu wengi wenye sukari hufanya kazi hata wakazeeka. Jambo hili liandikwe katika mapatano yetu na mwajiri kwa maneno yasiyo na kona. Bila ya hivyo dereva ataficha, na dereva anayeficha ni hatari kuliko yule aliyesema.

Sasa tupimwe nini? Nauliza kwa sababu siku hizi kuna mahema yanayokuja sokoni na mashine zenye taa nyingi, mtu anashika chuma mkononi na kuambiwa kwamba ini lake limechoka, halafu anauziwa chupa ya dawa kwa shilingi elfu nne. Huo si upimaji, ni uchuuzi. Vipimo vya maana kwa watu wa kazi yetu si vingi. Presha ni cha kwanza. Sukari ni cha pili: hupimwa kwa tone la damu ya kidole, na kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 ni lazima kurudiwa na kufuatwa. Kikohozi kilichopita wiki mbili, au kukonda na kutoka jasho usiku, hutaka makohozi kupimwa kwa ajili ya kifua kikuu. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa 558 wa kifua kikuu katika kila watu wazima 100,000, na wengi wao walikuwa hawajulikani, wakiishi na kulala na wenzao. Dawa yake katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo, na kwa kawaida humezwa miezi sita.

Masikio tumeyasahau kabisa. Mtu wa shedi anayesimama karibu na injini ya dizeli kila siku hupotewa na usikivu kidogo kidogo, hata mkewe ndiye wa kwanza kujua, maana redio hupandishwa sauti kila mwaka. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zakataza mtu kuwekwa katika kelele ya kupita desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, na zamtaka mwajiri awapime masikio wanaofanya kazi penye kelele kubwa. Hapa mwajiri ndiye anayedaiwa. Tumepimwa mara ngapi? Kila mmoja ajijibu.

Na tusijifikirie sisi wanaume tu, kwanza kwa sababu wanachama wanawake wanazidi, na pili kwa sababu ya wake zetu. Kansa ya mlango wa uzazi huua zaidi ya wanawake 3,000 katika Kenya kila mwaka, na ni kansa ambayo hutanguliwa na dalili zisizoonekana kwa macho ya mtu wa kawaida, zinazoweza kuondolewa kabla hazijageuka kuwa kansa, mara nyingine siku ile ile ya kupimwa. Husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV. Tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka 10 huchanjwa, lakini mama zao hawakuchanjwa, kwa hiyo kwao hapana njia ila kupimwa. Nimesikia waume wanaowakataza wake zao kwa kuona haya. Mimi ningependa kumwona mume huyo akieleza haya yake mbele ya watoto, mama akiwa amekufa.

Wazungu nao waliogopa kupimwa, tusidhani ni ugonjwa wa Waafrika. Wenzangu wanaopenda mashine za zamani wanazijua zile injini za moshi za aina ya 29, zilizokuwa na majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki, ambazo moja yake ingali katika Makumbusho ya Relwe hapa Nairobi. Zilitengenezwa Glasgow, Uskoti, katika miaka ya kwanza ya 1950. Basi mji huo wa mafundi wa injini ulikuwa umejaa kifua kikuu, watu wakibanana katika vyumba vya giza. Mwaka 1957, mwezi wa Machi na Aprili, waliamua kuwapiga watu picha ya kifua kwa wingi. Kwa wiki tano walipigwa picha watu 714,915, na wakaonekana wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa hawajijui. Hawakuja kwa amri. Maelfu ya watu wa mji waliojitolea walibisha hodi nyumba kwa nyumba, mashine zikapelekwa mpaka karibu na mahali pa kazi, aliyepimwa akapewa beji, na kulikuwa na zawadi za kupigiwa kura. Tena, na hili ndilo kubwa, dawa za kuponya kifua kikuu zilikuwa zimekwisha patikana, kwa hiyo aliyeonekana ana ugonjwa alikuwa na mahali pa kwenda.

Kumpima mtu na kumwacha bila dawa ni kumtesa. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF. Kwa mpango huo mtu aliyejiandikisha hutibiwa bila kulipa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Na mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii, laki moja katika nchi nzima, walipewa mikoba yenye chombo cha kupima presha na cha kupima sukari, waende majumbani. Huu ni mpango mwema ukitimizwa. Ukifika zahanati ukaambiwa vidonge vya presha vimekwisha, usirudi nyumbani kimya. Andika tarehe na jina la zahanati, mpe mwakilishi wako. Chama kikiwa na karatasi arobaini za namna hiyo kitakuwa na la kusema mezani. Kikiwa na manung'uniko tu hakina kitu.

Nilisoma shule ya misheni, na kila Jumatatu muuguzi wa zahanati alitupanga mstari, akatazama macho, meno na vichwa. Hakuna mtoto aliyeona haya, kwa kuwa wote walipangwa, mtoto wa mwalimu na mtoto wa mpishi. Hilo nalipenda. Mkubwa wa stesheni na mfagiaji wapange mstari mmoja, katibu wa tawi akiwa mbele.

Basi hoja nitakayoileta katika mkutano wa tawi mwisho wa mwezi ni hii. Kwamba chama kimtake mwajiri atenge siku mbili kwa mwaka za kupima wafanya kazi wote, wakati wa kazi na kwa mshahara kamili, zamu ya usiku ikiwemo, na wale wa genge la njia wafuatwe huko huko waliko, maana wao wakitaka kumwona muuguzi hupoteza kutwa nzima. Kwamba wapimaji watoke katika kituo cha afya, wasiwe watu wa ofisi ya wafanya kazi. Kwamba jibu liandikwe katika kadi moja tu, nayo ikae mfukoni mwa mwenyewe. Na kwamba mwakilishi wa chama asimame pale siku nzima ahakikishe hakuna karani anayenakili majina. Mwajiri akitaka kujua faida yake, aweza kupewa hesabu ya jumla isiyo na majina. Nimekwisha mpa karani wa tawi karatasi yangu, na ameiweka katika ajenda baada ya taarifa ya mweka hazina. Aliye zamu siku hiyo amwachie mwakilishi wake kura.

Wala tusingoje siku mbili hizo ndipo tuanze. Zahanati ziko wazi leo. Mimi nilikwenda mwezi uliopita baada ya zamu, nikangoja kama saa moja, presha ikawa 138 kwa 88, naisema kwa hiari yangu. Muuguzi ameniambia nirudi baada ya miezi mitatu na nipunguze chumvi. Mke wangu amekwisha kulificha kopo.

Wenu katika chama,
Mkaguzi wa Mabehewa, Nairobi